Jibu: Kisakinishi cha RHEL 8 hakioni diski za PERC 6/i

Habari mkuu. Umesema BIOS ya seva yako ya Dell R710 inaziona diski zote za PERC 6/i (kadi ya RAID inayosimamia diski), ila kisakinishi cha RHEL 8 (Linux ya Red Hat) kinakupa orodha tupu. Usifungue seva bado. Mimi nilikesha nikibadilisha kebo bure! Kwanza tazama lspci -nn, amri inayoorodhesha kadi za seva na namba zao za utambulisho. Ukikuta 1000:0060, yaani namba ya kadi hiyo, tatizo ni draiva: megaraid_sas, draiva ya kadi hizi, katika RHEL 8 iliondolewa uwezo wa kuitambua, ingawa ile ya Debian (Linux nyingine) bado inaitambua. Pakua ISO ya draiva kutoka ELRepo (hazina ya draiva za ziada za RHEL), ilingane kabisa na toleo lako hadi namba ya baada ya nukta (ya 8.6 haifai kwa 8.7), iweke kwenye flashi, kisha ongeza inst.dd (chaguo la kukiambia kisakinishi kipakie draiva ya ziada) kwenye mstari wa kuwashia. Kila keneli ikisasishwa, hakiki kmod, yaani kifurushi cha draiva hiyo ya ELRepo, kabla ya kuzima na kuwasha. Rocky Linux, inayofanana na RHEL, sijaijaribu.