Ssenga wa Angani: "Injini ilinyamaza juu ya ziwa, nikajua tumekwisha"

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji mnitumie maswali kuhusu vitisho vya ndege ikiruka na ikitua. Kumbe mlikuwa mnangoja kuulizwa! Kwa wageni wa ukurasa huu: ujana wangu wote niliufanyia kazi ndani ya ndege, nikiwa mhudumu. Sasa nimestaafu, naishi Kitooro hapa Entebbe, na kila ndege inayotua naisikia nikiwa jikoni. Waliosoma neno "Ssenga" (kwa Kiganda, shangazi anayefunda mabinti) wakaniandikia mambo ya ndoa, wafungue kurasa za mbele. Huko yuko ssenga mwenzangu anayeyaweza.

Ssenga, mimi nauza mashuka na mapazia Arua, mzigo naufuata Dubai. Safari iliyopita tuliondoka Entebbe usiku. Ndege ilikimbia weee, mpaka nikadhani imeshindwa. Ikanyanyuka. Kabla sijamaliza kushukuru, injini ikanyamaza ghafla, tumbo likanishuka, na dirishani giza tupu. Nilimshika mkono mwanaume nisiyemjua kabisa. Injini ilizima, au? — Mama Mapazia, Arua

Haikuzima, dada. Na huyo mwanaume usimwonee haya, pengine naye alikuwa anatafuta mkono wa kushika.

Tuanze na zile mbio. Entebbe iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,150 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dubai, kwa hiyo ndege inahitaji mbio zaidi kabla mabawa hayajaubeba uzito wote: nyinyi, mafuta, na chini ya miguu yenu, mara nyingi, minofu ya sangara au maua yanayokwenda kuuzwa nje. Njia kuu ya kurukia ndege ya Entebbe ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, na marubani wanapiga hesabu ya uzito, joto na upepo kabla ya kila safari. Katika hesabu hiyo kuna mwendo mmoja wanaoutajiana kwa sauti. Kasoro ikitokea kabla ya kuufikia, wanafunga breki. Wakishaupita wanaruka tu, hata injini moja ikifa, kwa sababu ndege ya abiria yenye injini mbili haipewi ruhusa ya kubeba watu mpaka ithibitike kwamba inaweza kuendelea kupaa kwa injini moja.

Sasa ule ukimya. Nguvu kubwa ya injini inahitajika kuiondoa ndege ardhini. Ikishafika mita 300 au 450 hivi, rubani anaipunguza mpaka ile ya kupandia. Pua inainama kidogo ili mwendo uongezeke, na vibati vilivyokuwa vimechomoza nyuma ya mabawa vinaanza kurudishwa ndani, navyo vina mlio wao. Masikioni mwetu mna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Kilikuwa kimezoea kusukumwa kwa nguvu kwenye kiti, nguvu ikipungua kinakuambia unaanguka. Mchana macho yangekikatalia. Usiku, ndege ikielekea kusini, chini ni ziwa tupu, na mwanga pekee ni taa za wavuvi wa mukene, yaani dagaa. Nimewahi kuulizwa na abiria mtu mzima, tena msomi, kwa nini nyota ziko chini yetu.

Marubani wanafundishwa wasiyaamini masikio yao hata kidogo, wasome vyombo. Nawe safari ijayo fanya hivi: injini ikishanyamaza, tazama maji yaliyo kwenye chupa ya jirani, au mtazame mhudumu aliyekaa mlangoni. Ukimkuta anakagua kucha zake, basi.

Ssenga, nilitoka Nairobi mchana, mvua imeanza Entebbe. Tulishuka mpaka nikaona nyasi. Mara injini zikapiga kelele, tukarudi juu kwa nguvu, kimya, hakuna anayetuambia kitu. Mchungaji aliyekaa nyuma yangu akaanza kukemea pepo. Tulizunguka juu ya ziwa muda mrefu ndipo tukatua salama. Kwa nini walituficha? — Mwalimu, Jinja

Mwalimu, hapa nitakaa kidogo, maana barua nyingi zilikuwa za jambo hili hili.

Kutua si lazima. Kila rubani anaposhuka, mpango wa kurudi juu anao tayari mkononi, na akiona jambo moja tu halijakaa sawa anautumia. Huenda ndege iliyotangulia haijatoka njiani. Huenda upepo umegeuka, au mvua imeficha taa za uwanja mahali ambapo kwa kanuni alipaswa awe ameshaziona. Hapa kwetu kuna na ndege wenye manyoya pia, na nyinyi mnaowaona akina kalooli, wale korongo, wakipiga foleni kwenye majalala ya Kampala mnajua ukubwa wao. Si kitu cha kukutana nacho mbele ya injini.

Kuhusu kufichwa: rubani akirudi juu ana kazi zinazofuatana, na nyinyi abiria mko mwisho wa foleni. Kwanza ndege ipande. Magurudumu yaingie, vibati virudi hatua kwa hatua. Kisha azungumze na mnara wa kuongozea ndege, apewe kimo na upande wa kwenda, apange upya namna ya kuja. Akishamaliza ndipo anashika kipaza sauti. Dakika hizo kwa abiria ni ndefu, najua. Sisi wahudumu nasi tunakuwa tumefungwa mikanda, hatujaambiwa kitu, na haturuhusiwi kuwapigia simu marubani kuuliza umbeya wakati kama huo. Anayekunyima maneno pale anakupa kazi yake yote.

Wenye umri wangu tunaikumbuka Roma. Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines ile ya zamani ilijaribu kutua uwanja wa Fiumicino kwenye ukungu. Ilirudi juu mara mbili. Mara ya tatu ikashuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila kuiona njia, ikagonga majengo. Walikuwemo watu 52, wakafa 33. Kwa hiyo mtu akiniambia "tulirudi juu, nikaona kifo", mimi namwambia aogope rubani asiyetaka kurudi juu. Mchungaji wako alikemea lile lililokuwa linawaokoa, ingawa maombi hayajawahi kuzuia ndege kupanda, kwa hiyo mwache.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Bombo. Nilipanda ndege mara ya kwanza kwenda Hija. Tuliporudi Entebbe mvua inanyesha, rubani alituangusha kama gunia la muhogo. Kisha ikanguruma vibaya sana na mabawa yakafunguka, nikaona matumbo yake! Huyo kijana amefundishwa wapi?

Mzee wangu, Hija yako iwe makbul. Kijana amefundishwa vizuri. Njia ikiwa na maji, gurudumu likiwekwa polepole linaweza kuteleza juu ya maji bila kugusa lami, na breki zikakosa pa kushika. Kwa hiyo mvua ikinyesha rubani huwa anaikita ndege chini makusudi, ipasue maji. Yale uliyoyaona yakifunguka ni vibati vya juu ya bawa. Vinasimama wima kuua nguvu ya kuinua, ili uzito wote uangukie magurudumu na breki zishike. Ule mngurumo ni injini, upepo wake unaelekezwa mbele kusaidia kusimama. Kutua kulaini kwenye njia yenye maji ndiko kunakosifiwa na abiria na kununiwa na mwalimu wa marubani.

Kwa nini wanazima taa usiku tukitua? Kuna kitu hawataki tukione? — Dereva wa bodaboda, Kireka

Wanataka uone! Macho yanahitaji muda kuzoea giza. Mkilazimika kutoka kwa haraka, msiwe mmetoka kwenye mwanga mkali kuingia gizani mkipapasa. Pazia za dirisha zinafunguliwa ili sisi na nyinyi tuone nje, kama kuna moto upande huu tufungue mlango wa upande ule. Kimeza kinafungwa na kiti kinasimamishwa ili aliye dirishani apite. Wewe wa boda unayevaa helmeti (natumaini) utanielewa upesi.

Tulikaa ndani ya ndege saa nzima kwa sababu ya radi, mlango umefungwa, joto, watoto wanalia. Si wangeruka tu waipite?

Wasingeruka. Ziwa Victoria linatengeneza ngurumo zake lenyewe, hasa usiku kuelekea alfajiri, na upepo unaoporomoka kutoka chini ya wingu la namna hiyo unaweza kuikandamiza ndege wakati ambao haina kimo wala mwendo wa kupoteza. Februari 1952 Elizabeth, aliyekuwa amepata tu habari kule Kenya kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia, aliletwa Entebbe kupanda ndege ya kumrudisha London. Radi ilikuwa inapiga. Alingoja. Wewe nawe ngoja, omba maji ya kunywa.

Ssenga, mwanangu anakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Hajawahi kupanda hata lifti. Tangu aone picha za ile ndege iliyoingia ziwani Bukoba, usiku halali, anasema Entebbe ni maji kila upande. Nimwambie nini? — Mama yake, Masaka

Usimwambie kwamba hakuna hatari, atajua unamdanganya. Bukoba ni kweli: tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa mbaya, ndege ndogo ya watu 43 iliingia ziwani karibu kabisa na uwanja, wakafa 19. Lakini waliotoka walikuwa wengi kuliko waliobaki. Mwambie na hilo, kisha mpe kazi ya kufanya. Mtu mwenye kazi mkononi anaogopa kidogo.

Akikaa, ahesabu viti kati yake na mlango wa dharura, wa mbele na wa nyuma, kwa kugusa, maana moshi au maji hayamwachii mtu macho. Mkanda aufunge chini, kwenye nyonga, usikae tumboni. Aufungue na kuufunga mara kadhaa kabla ya safari: mkanda wa ndege unafunguliwa kwa kunyanyua kifuniko, na nimewaona watu wazima, tena ndege ikiwa imesimama salama, wakibonyeza ubavu wa mkanda kwa kuzoea ule wa gari.

Jaketi la kuokolea liko chini ya kiti. Hapa nisikilize sana, mama. Asilipulize akiwa ndani. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini Komoro. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Wapo walionusurika na kishindo lakini walikuwa wameshapuliza majaketi yao, maji yalipoingia yakawainua mpaka darini na hawakuweza kupiga mbizi kuufikia mlango. Avae, akifika mlangoni ndipo avute kamba.

Na mizigo aiache. Nawajua mabinti wetu, mkoba wenye simu na pasipoti hauachwi, basi pasipoti aiweke mwilini tangu nyumbani. Masikio yakiziba, ameze mate, apige miayo, atafune kitu, hasa wakati wa kushuka. Akisikia mlio mzito chini ya miguu dakika chache kabla ya kutua, ni magurudumu yanatoka. Huo mlio aufurahie.

Unataka kujua mimi mwenyewe niliogopa nini miaka yote ile? Si ziwa wala radi. Ni abiria anayesimama mapema. Safari moja, tumetoka Uarabuni, magurudumu ndiyo kwanza yamegusa Entebbe, bwana mmoja mwenye koti juu ya kanzu akainuka kufungua kabati la juu. Nilimpigia kelele kutoka kwenye kiti changu. Breki zikashika. Yeye akaenda mbele kama safu tatu hivi bila kupenda, na mashine ya kusagia juisi, ya kioo, ikiwa bado kwenye boksi lake, ikatoka kabatini ikatua kwenye kiti kilichokuwa wazi, katikati ya bibi mmoja na mjukuu wake. Bibi aliitazama, akamtazama bwana, akasema, "Mwanangu, hii ni zawadi yangu?" Ndege nzima ikacheka. Mimi sikucheka, miguu ilikuwa inanitetemeka.

Swali fupi: Waganda tunapiga makofi ndege ikitua. Ni ushamba? — Mwanafunzi, Mbarara

Pigeni. Marubani hawawasikii, mlango wao umefungwa, lakini sisi tulikuwa tunasikia na tulikuwa tunapenda. Tena mikono inayopiga makofi haipati nafasi ya kufungua mkanda.