Sarufi inayokukwaza mdomoni ndiyo ya kuanza nayo

Dada yangu, umeandika kwamba umetoka Kigoma, una miezi miwili hapa Nairobi, umepata kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo, na Kiingereza unakisoma na kukielewa lakini mgeni akikusemesha ulimi unakuwa mzito. Unauliza ununue kitabu cha sarufi kwanza au utafute mtu wa kuongea naye. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana njia hiyo nimeipita.

Nilifika Nairobi mwaka 2009 kutoka Tanga, na darasa la saba langu. Unajua kwetu shule ya msingi ya serikali: Kiingereza ni somo moja, mengine yote kwa Kiswahili. Nikapata kazi katika duka la spea Barabara ya Kirinyaga. Tajiri alikuwa na stoo Industrial Area, kwa hiyo mambo mengi yalikwenda kwa simu. Siku moja mteja ameagiza rejeta, kijana wake keshafika stoo kuichukua. Tajiri akanipigia: "So he hasn't paid?" Nikajibu "Yes". Nilimaanisha ndiyo, hajalipa. Yeye akasikia amelipa. Rejeta ikatoka. Ilikuwa ya shilingi 14,000, na nilikatwa kwenye mshahara miezi minne mfululizo.

Nilikaa na kosa lile mpaka nikalielewa. Kwetu mtu akiuliza "Hajalipa?" ukasema "Ndiyo", umemkubalia maneno yake. Kwa Kiingereza si kukubali maneno ya muulizaji, ni kusema jambo lenyewe limekuwa au halikuwa. "Yes" inafuatana na "he has". "No" inafuatana na "he hasn't". Swali liulizwe kwa kukubali au kwa kukanusha, jibu halibadiliki. Tangu siku ile sikuiachia "yes" au "no" itoke mdomoni peke yake, naisindikiza: "No, he hasn't." Kwako itakuja hivi: mgeni atauliza "You don't have a room for tonight?" na vyumba vimejaa. Jibu ni "No, we don't, I'm sorry." Ukisema "Yes" atashusha mabegi.

Sasa niambie, hiyo ni sarufi au ni maongezi? Ndiyo maana siwezi kukuambia uchague kimoja. Usianzie ukurasa wa kwanza wa kitabu. Anzia pale Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia, kwa sababu hapo ndipo wewe na mimi tunapojikwaa, na mwandishi wa kitabu kilichochapishwa London hakutuwazia sisi.

Saa, kwa mfano. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, wao kuanzia usiku wa manane. Niliwahi kumwambia mteja mzigo utafika "at two", kichwani nina saa mbili asubuhi. Akaja saa nane mchana, na giaboksi aliyoitaka ilikuwa imekwenda na mtu mwingine. Mapokezini hilo ni hatari zaidi, kuna teksi za uwanja wa ndege na kuna chai ya asubuhi. Jizoeze kuandika kwanza, 8:00 kwa tarakimu, ndipo uisome kwa Kiingereza. Na ongeza "in the morning" au "in the evening" kila mara, hata kama unaona ni dhahiri.

Halafu kuna hii "-me-" yetu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona inawasumbua hata waliosoma sana. Kiambishi hicho kinabeba mambo mawili. "Amelipa" ni jambo lililokwisha, na hapo "he has paid" inakaa sawa. Lakini "amelala", "amevaa koti", "amekaa pale" ni hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Ukisema "The guest has slept", mgeni wa nje anaelewa kwamba mtu keshapata usingizi wake, yu macho. Sema "He is sleeping", "She is wearing a coat", "He is sitting there". Vivyo hivyo "amesafiri": hapa Nairobi utasikia "he has travelled" kila ofisi na wote tunaelewana, lakini kwa mtu wa mbali "He's away" ni salama zaidi. Na ukitaja wakati uliokwisha pita, "have" haiingii kabisa. "I have come yesterday" si sahihi. Ni "I came yesterday". Neno lolote kama "yesterday", "last week", "in 2020" likitaja jambo lilitokea lini, "have" itoke.

Maswali yana kanuni moja niliyojifundisha dukani kwa kuwaangalia wapagazi: mzigo mmoja, mbebaji mmoja. "He pays" ina "s". Ukiuliza, "does" ndiye anayebeba hiyo "s", na kitendo kinabaki kitupu: "Does he pay?" Wakati uliopita pia, "did" anaubeba peke yake: "Did you go?", kamwe si "Did you went?" Ukilishika hilo, nusu ya makosa ya maswali yatakwisha.

He na she vilinichosha kupita vyote. Sisi tuna "yeye" mmoja, hatujazoea kuangalia mtu ni mwanamume au mwanamke kabla ya kufungua mdomo. Kitabu hakikunisaidia, lilinisaidia dirisha la matatu. Nilikuwa nakaa mtaa wa Umoja, nashuka mjini kwa Jogoo Road, na foleni unaijua. Pale karibu na soko la Burma nilikuwa natazama nje na kunong'ona: "She is selling mangoes. He is pushing a handcart. Her child is crying. His shoes are wet." Mwezi wa kwanza nilikosea mno. Wa tatu midomo ilikuwa ikitangulia yenyewe. Ukiona aibu kunong'ona, shika simu sikioni, hakuna atakayekujali.

Sasa adabu, ambayo kwa kazi yako ni nusu ya mshahara. Sisi adabu yetu iko katika "naomba", "tafadhali", na sauti yenyewe. Ukiihamisha neno kwa neno inapotea njiani. "Give me your passport" ni kali hata ukitabasamu. Sema "Could I see your passport, please?" Hiyo "could" haimaanishi wakati uliopita, ni ya kulegeza ombi. "Pole" nayo haina mwenzake. Mgeni akijikwaa ngazini ukisema "Sorry", Mkenya atashukuru, Mwingereza anaweza kukujibu kwamba si kosa lako. Muulize "Are you all right?" "Karibu" ina milango mingi: anapoingia ni "Welcome", anapobisha ni "Come in", anaposhukuru ni "You're welcome", na ukimkaribisha chakula ni "Please help yourself". Na usiumie moyo akijibu "Fine, thanks" akaishia hapo bila kuuliza habari za nyumbani. Kwao salamu imekwisha.

Ghorofa pia angalia. Hapa tunahesabu kama Uingereza: "ground floor" iko chini, "first floor" ni ya juu yake. Mmarekani ile ya chini kabisa ndiyo anayoiita "first floor". Muonyeshe kwa kidole.

Matamshi sitayarefusha. Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kina sauti nyingi zaidi ya hizo, ndiyo maana "leave" na "live" kwetu zinatoka sawa. Na wewe utauliza "When are you leaving?" kila siku, basi hiyo ivute. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, wao huuhamisha: "manager" na "passport" vinabonyezwa mwanzoni, tofauti na meneja na pasipoti.

Kitabu usikidharau. Maktaba ya McMillan iko pale Banda Street, ipo tangu 1931, na ndani ni kimya kizuri cha kusoma. Ila nenda ukiwa na swali: leo nimekwama wapi kazini? Utafute hilo tu, urudi.

Jambo la mwisho nililofanya ni kujirekodi kwenye simu, dakika mbili kila usiku, nikisimulia siku ya kazi. Wiki ya kwanza nilisikia "he" nikimsema mama mteja mara sita. Bila kurekodi nisingejua kamwe.

Siku hizi Jumamosi jioni nafundisha watu wazima, wengi wametoka Burundi na Kongo, na naanza nao hivi hivi. Basi na wewe niandikie hapa sentensi kumi unazozisema zaidi pale mapokezini, kama zinavyotoka mdomoni, usizisafishe. Jumapili nitakaa nazo moja baada ya nyingine.