Miaka Mingapi, na Je, Wanaondoka Pamoja? Kwa Wafasiri Wanaoanza Kazi Arusha

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kufasiri taarifa za mikutano hapa Arusha lilitokana na jina nililodhani nalifahamu. Nilifasiri hotuba ya mgeni aliyeeleza kwamba wajumbe wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, nikaiacha sentensi hivyo hivyo, na kabla chai ya saa nne haijaisha mzee mmoja kutoka Unguja akanijia akiwa ameupigia mstari ukurasa wangu, akaniuliza kwa upole tangu lini wawakilishi wao wamepunguziwa miaka mitatu. Mgeni alikuwa akizungumzia Marekani. Kwa Kiswahili mabaraza hayo mawili yana jina moja, ilhali la Zanzibar huchaguliwa kwa miaka mitano. Kwa hiyo msiandike jina la chombo cha kutunga sheria bila kutaja nchi yake, hata kama msemaji mwenyewe hakuitaja.

Baada ya aibu ile nilijilazimisha kuelewa kwa nini vipindi hutofautiana, maana mfasiri anayeijua sababu hababaishwi na tarakimu. Waliotunga Katiba ya Marekani mwaka 1787 walitaka nyumba moja ya Bunge iwe karibu sana na wapiga kura, kiasi cha mjumbe kutopata nafasi ya kuwasahau, na nyingine iwe na utulivu wa kutosha kulikataa jambo linaloshangiliwa leo na kujutiwa mwaka kesho. Ndiyo maana mwakilishi hupewa miaka 2 na seneta miaka 6. Tena maseneta hawaondoki wote pamoja, kwani kila baada ya miaka miwili ni theluthi moja tu inayorudi kwa wapiga kura. Ili mpango huo uanze, mwezi Mei 1789 karatasi tatu zenye namba zilikunjwa na kutiwa ndani ya kisanduku, zikaokotwa kwa kura, na kwa bahati hiyo fungu moja la maseneta wa kwanza likapata miaka 2, jingine 4, na jingine 6.

Thamani ya utaratibu huo niliiona kwa macho katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo hushikwa na mtu wake. Mwaka mmoja tuliwabadilisha washika funguo, katibu na mwekahazina siku moja, na wiki iliyofuata viongozi wapya wakakaa mbele ya daftari wasijue alama nyekundu pembeni mwa majina ilimaanisha deni au faini. Sasa hubadilishwa kwa zamu.

Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa mjini, halina zamu za namna hiyo. Wajumbe wake huchaguliwa na mabunge ya nchi wanachama, tisa kwa kila nchi, kwa miaka 5, na mjumbe huruhusiwa kurudi mara moja tu. Bunge la tatu lilimaliza muda wake Juni 2017, lakini Kenya ilichelewa kupata wajumbe wake, na la nne likaanza Desemba. Sisi tuliokuwa tukitegemea shughuli zinazofuatana na vikao tuliihesabu miezi hiyo mmoja mmoja. Kipindi maalumu humlinda mwananchi dhidi ya mbunge anayetaka kung'ang'ania kiti, ila hakimsubiri mrithi aliyechelewa.

Jihadharini pia na kuchanganya urefu wa kipindi na ukomo wa vipindi. Mbunge wa Bunge la Tanzania kule Dodoma na mjumbe wa Bunge la Afrika Mashariki hapa Arusha wote wana miaka mitano, lakini wa Dodoma anaweza kugombea tena na tena. Vilevile, Katiba yetu huzungumzia maisha ya Bunge, yanayohesabiwa tangu Bunge jipya linapoitishwa katika mkutano wake wa kwanza baada ya uchaguzi mkuu hadi linapovunjwa. Kwa hiyo aliyeshinda uchaguzi mdogo katikati ya kipindi hapewi miaka mitano yake mwenyewe, humalizia iliyobaki. Kuandika kwamba amechaguliwa kwa miaka mitano ni kosa ninaloliona hata kwa waandishi wazoefu.

Mimi hutunza daftari lenye safu za nani anachagua, kwa miaka mingapi, kama wanaondoka pamoja au kwa mafungu, na nani ana mamlaka ya kukatiza kipindi. Safu ya mwisho ni ya tarehe nilipohakiki, na niliiongeza baada ya kukuta nimefuta mistari miwili: maseneta wa Ufaransa, waliokuwa na miaka 9 na sasa wana 6, na wa Rwanda, ambao Katiba ya 2015 iliwatoa kwenye miaka 8 isiyorudiwa ikawapa 5 inayoweza kurudiwa mara moja.