Kwa nini Tana River ni kubwa lakini ina watu wachache?

Umeuliza kwa nini Tana River, kaunti kubwa hivi ya Kenya, ina watu wachache, na wanaishi kwa kutegemea nini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 kwenye zaidi ya kilomita za mraba 35,000, yaani kama watu 9 kwa kila kilomita ya mraba. Sababu ni uhaba wa mvua. Ukiacha mto Tana hatua chache tu, kijani kinakwisha na unabaki na vichaka na vumbi.

Basi maisha yote yanaufuata mto. Wapokomo wanalima ukingoni: mahindi, ndizi, mpunga kule deltani, mto unapokaribia bahari, na maembe. Waorma na Wawardei wanafuga ng'ombe huko nyikani, na kiangazi kikikaza lazima mifugo ishuke mtoni kupitia njia ziitwazo malka. Hapo ndipo penye kidonda. Malka ikilimwa, ng'ombe anapita kwenye mahindi ya mtu, na ugomvi unaanza. Mwaka 2012 watu zaidi ya mia moja waliuawa.

Halafu kuna mafuriko. Yanaleta rutuba, ila mwishoni mwa 2023 barabara ya Garissa kwenda Madogo ilikatika, watu wakavushwa kwa boti.

Miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura ipo tangu zamani. Kwa maoni yangu kinachoumiza zaidi ni maembe: msimu ukifika yanaiva kwa pamoja, dalali anataja bei anayotaka, mengine yanaozea chini ya miti. Kiwanda cha juisi karibu na shamba kingebadilisha mengi.