Jibu: Pistoni ya breki imegoma kurudi ndani

Salaam mkuu. Umesema umetoa pedi za zamani, mpya haziingii kwa sababu pistoni ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imegoma kurudi. Hujataja tairi. Kama ni la nyuma na hendibreki imeungwa kwenye kalipa hiyohiyo, pistoni nyingi za hivyo huzungushwa, usilazimishe na klampu.

Kama ni la mbele, legeza kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa, kisha bana pistoni. Ikirudi, shuku mpira wa breki (bomba la mafuta ya breki), umeziba kwa ndani. Ikigoma bado, ina kutu. Ila hicho kinati kipulizie dawa ya kutu tangu jana yake! Changu kilikatikia ndani. Kazi ya saa moja ikala Jumamosi nzima, na kalipa ya mtumba juu. Ukishakifungua, lazima utoe upepo kwenye breki upya.