Usifute Windows Kabla Hujabadili Programu Unazozitumia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kichakataji cha kompyuta yake ni cha zamani mno kwa Windows 11, na kwamba kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, ameamua kufuta kila kitu Jumamosi na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Aliniomba nimchagulie tu kati ya Ubuntu na Linux Mint, ambazo ni aina mbili za Linux. Nilikaa na ujumbe huo siku mbili bila kuujibu, kwa sababu mimi pia niliwahi kufanya uamuzi wa namna hiyo, na mpaka leo nikiukumbuka moyo huniuma.

Nilifuta diski nzima Ijumaa jioni. Kufikia Jumapili nilikuwa na furaha isiyo kifani: kompyuta iliwaka upesi, feni ilitulia, na mimi nilijiona mtu huru. Jumatatu nilifungua faili la matumizi ya idara, ambalo nilirithi kwa mtangulizi wangu likiwa limejaa makro, yaani amri za kufanya kazi zenyewe kwa kubonyeza kitufe, zilizoandikwa kwa ajili ya Excel. LibreOffice, programu ya ofisi niliyoiweka badala ya ile ya Microsoft, ililifungua na tarakimu zote zilikuwapo, lakini kila kitufe nilichobonyeza kilileta ujumbe wa kosa. Nikajumlisha kwa mkono hadi usiku. Ripoti yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo sasa haikuwamo kwenye mashine yangu, hivyo fonti nyingine yenye herufi pana zaidi ikashika nafasi yake, kurasa zikaongezeka na majedwali yakakatika katikati. Niliichapa bila kuikagua. Katika kikao, mkuu wa idara aliinua karatasi zile mbele ya wenzangu na kuniuliza kama niliajiriwa kufanya kazi au kuchezea kompyuta.

Wiki hiyohiyo nilirudisha Windows kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa karibu miaka miwili, kila nilipokwama katika jambo lolote, hata umeme ulipokatika, kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama ni ile Linux yangu.

Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa langu. Nilibadili mfumo, programu ya nyaraka, barua pepe, fonti na printa katika usiku mmoja, kwa hiyo kitu kilipoharibika sikuweza kujua chanzo ni kipi. Aliyenifumbua macho hakuwa mtaalamu wa karibu, bali habari za Jandameri ya Ufaransa, kikosi cha kijeshi kinachofanya kazi za polisi, ambayo imehamisha makumi ya maelfu ya kompyuta zake. Wao walianza na OpenOffice, programu ya ofisi inayofanana na LibreOffice, mwaka 2005, wakafuatia na kivinjari cha Firefox na Thunderbird ya barua pepe, na ni mwaka 2008 tu walipoanza kuhamia Ubuntu. Kufikia hapo askari aliyekaa mbele ya mfumo mpya alikutana na programu alizokwisha kuzizoea.

Nikafuata nyayo hizo. Kwa miezi minane niliendelea na Windows, lakini kazi zangu zote nilizifanya kwa LibreOffice, Firefox na Thunderbird, ambazo hupatikana kwenye mifumo yote miwili. Faili la matumizi sikulibembeleza tena: nilikaa nalo jioni kadhaa, nikagundua kwamba vile vitufe vya kutisha vilikuwa vikipanga na kujumlisha tu, nikaliunda upya kwa fomula za kawaida. Niliweka fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na Caladea, ambayo inalingana na Cambria, na kurasa zikatulia mahali pake. Ripoti zilizokamilika nilizituma kwa PDF. Programu moja ya malipo haikuwa na toleo la Linux, nami sikushindana nayo. Inaendelea kufanya kazi katika Windows iliyomo ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine.

Siku ya kuhama ilikuwa fupi, sina mengi ya kuisimulia. Nilihifadhi nakala za mafaili kwenye diski ya nje, nikaiwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikajaribu Wi-Fi, sauti na printa, kisha nikasakinisha. Anayetaka kubaki na mifumo yote miwili atafute kwanza ufunguo wake wa BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data za diski, na auandike mahali salama. Mwezi uliopita mkuu yuleyule aliniomba niandae kompyuta nyingine mbili za idara kama yangu, na siwezi kuficha kwamba nilitembea kwa madaha siku ile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kati ya Ubuntu na Mint chagua yoyote. Huko siko utakakoumia. Kazi ya ofisini ina watu wanaoisubiri, na hawa hawapaswi kulipia shauku yetu, hata kama shauku hiyo ni njema. Haraka nayo haikulazimu, kwani Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, nawe unaweza kujiandikisha. Jumamosi yako itumie kusakinisha LibreOffice kwenye hiyohiyo Windows, ufungue lile faili ambalo mkuu wako hulisubiri kuliko yote, ulichape, usome karatasi moja baada ya nyingine, kisha uniandikie umekuta nini.