Uloto ukigoma: kwenu mlioanza wodi ya watoto

Juzi nimefungua faili nikakuta maneno yale yale: "Malaria kali, upungufu wa damu, aongezewe." Mtoto ana selimundu (sikoseli), MRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, hasi, damu imeshatundikwa, na hakuna aliyejiuliza uloto wake, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unafanya nini. Wadogo zangu, sogeeni.

1. Sampuli ya retikulosaiti, chembe nyekundu changa zinazotoka kiwandani, itoke kabla ya damu kuongezwa. Ukichelewa unahesabu za watu wawili.

2. Papasa bandama, andika sentimita. Imevimba ghafla na retikulosaiti ziko juu? Damu imejificha humo. Haijavimba, nazo haziifikii hata asilimia 1? Kiwanda kimefungwa, na mshukiwa wa kwanza ni kirusi cha parvo B19. Mimi na wewe chembe zetu nyekundu huishi siku 120, kiwanda kikisimama wiki hatujui. Za selimundu huishi siku 10 hadi 20.

3. Ulizia ndugu zake. Hapa ndipo niliponyolewa bila maji. Nilikuwa mgeni hospitali moja huku Kigoma. Mama akaja na boti kutoka vijiji vya mwambao, mtoto wa miaka sita mwenye selimundu, Hb (kiwango cha damu) 3. Nikaongeza damu, ikafika 8, nikaringa raundi nzima. Retikulosaiti? Sikuomba. Siku ya kuruhusiwa mama akanishika mlangoni: "Dokta, mdogo wake naye ana sikoseli, na jana kaanza homa." Nikamwambia ampe panado, amlete kliniki Alhamisi. Nilikuwa na njaa, harufu ya migebuka ya kukaanga ilikuwa inaniita. Kumbe kirusi kinapita nyumba nzima. Alhamisi hawakutokea. Ijumaa alfajiri yule mdogo akaletwa anahema kama aliyekimbizwa, Hb 1.9, ini limevimba, moyo umechoka. Friji ya damu haina grupu lake. Tukawaamsha wanafunzi wa uuguzi bwenini, wawili wakafaa. Alipona, lakini si kwa akili yangu. Mama hakupiga kelele, aliniuliza tu: "Si nilikwambia, dokta?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

4. Muuguzi mjamzito asimhudumie mtoto mwenye parvo.

5. Parvo hujiondokea, siku 7 hadi 10 retikulosaiti zinarudi. Zisiporudi, au chembe nyeupe na chembe sahani (za kugandisha damu) nazo zikishuka, acha kubahatisha: anahitaji sindano ya kuchukua uloto ukapimwe, andika rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Na prednisolone usimpe kwanza, utaificha leukemia, saratani ya damu, wasiione.

6. Maabara wakisema rangi ya retikulosaiti imekwisha, nenda mwenyewe. Mara ya mwisho niliikuta kabatini, nyuma ya majani ya chai.